Kenyatta na bei ya neno: Alivyokula jasho la ulimi wake kabla ya kuongoza taifa

KATIKA mitaa kama Mwiki, eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, neno limekuwa bidhaa. Mshereheshaji wa harusi hulipwa kabla ya kushika kipaza sauti. Msemaji wa ukoo hukodishwa siku ya kupeleka mahari. Naye mhamasishaji wa vijana hualikwa shuleni na kanisani, akaondoka na bahasha mfukoni.

Vijana wengi wanaoitamani kazi hii hudhani kuwa ni uvumbuzi wa kizazi chao. Hawajui kwamba safari wanayoifanya kila siku kati ya Thika na Nairobi, wakipitia Ruiru, iliwahi kuwa sehemu ya kazi ya kijana mmoja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kijana huyo baadaye alikuja kula jasho la ulimi wake katika nchi ya ugenini, kisha akaitumia sauti hiyo hiyo kuongoza taifa.

Huyo ni hayati Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, aliyefariki mjini Mombasa Agosti 22, 1978.

Mengi yameandikwa kuhusu Kenyatta mfungwa na Kenyatta rais. Machache yamesemwa kuhusu Kenyatta mhadhiri wa kulipwa, aliyesimama mbele ya watu wazima wa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ili apate riziki. Kipindi hicho kilikuwa kifupi, lakini kina funzo kwa yeyote anayetaka kuishi kwa kusema.

Mjukuu wa mganga

Kenyatta alizaliwa Ng'enda, Gatundu, katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau. Tarehe kamili haikuandikwa popote, na hata yeye mwenyewe hakuijua. Babake, Muigai, na mamake, Wambui, walifariki angali mdogo. Akaenda kuishi Muthiga na babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga wa jadi.

Katika jamii aliyokulia, maneno hayakuwa upepo. Kesi ya ardhi au mifugo ilipopelekwa mbele ya baraza la wazee, wenye kesi walitakiwa kutoa mnyama kwanza ndipo isikizwe. Mzee aliyezijua methali, mipaka ya mashamba na maamuzi ya zamani aliheshimiwa, na sehemu ya nyama ilikuwa haki yake. Kwa hivyo, wazo kwamba mwenye kusema kwa ujuzi anastahili kulishwa halikutoka Ulaya. Kamau alilikuta nyumbani.

Mnamo Novemba 1909 alijiunga na misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Alijifunza kusoma, kuandika na useremala. Alibatizwa mwaka 1914, akachukua jina Johnstone Kamau.

Baada ya kutoka misheni alipata kazi Thika katika kampuni ya mhandisi mmoja Mzungu, John Cook. Jukumu lake moja lilikuwa kwenda benki jijini Nairobi, umbali wa takriban kilomita 40, kuchukua mishahara ya wafanyakazi na kuirejesha Thika salama. Kubeba pesa za wengine ni kazi ya kuaminiwa. Lakini aliugua vibaya, akaiacha.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, na vijana wa Kiafrika wakawa wanakamatwa kwa lazima kubebea jeshi mizigo, alikimbilia Narok kwa jamaa zake wa Kimaasai. Huko ndiko alikoanza kuvaa mshipi wa shanga ambao jina lake lilimganda hadi likawa jina lake.

Kutoka mita za maji hadi gazeti

Mwaka 1922 alikutana tena na John Cook, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa maji katika manispaa ya Nairobi. Cook alimpa kazi ya karani wa stoo na msomaji wa mita za maji. Mshahara ulikuwa Sh250 kwa mwezi, kiasi kikubwa mno kwa Mwafrika wa wakati huo. Alikuwa na mke, Grace Wahu, na mtoto wa kiume. Alifungua pia duka Dagoretti.

Mtu mwenye neema hiyo angetulia. Lakini mwaka 1928 aliiacha kazi ya manispaa na kuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association (KCA), kilichodai ardhi iliyonyakuliwa na walowezi. Mei mwaka huo alianza kuhariri gazeti la chama, Muigwithania, jina lenye maana ya mpatanishi.

Hapo ndipo taaluma yake ya kusema ilipoanzia. Chama kilitaka mtu wa kuzunguka vijijini, kueleza wakulima sheria ambazo hawakuzisoma, na kuwashawishi watoe michango. Aliyemsikiliza alitakiwa kuondoka na imani ya kutosha kufungua mkoba wake. Hiyo ni shule ngumu kuliko kupigiwa makofi.

Februari 1929, kwa michango hiyo ya wanachama, alipanda meli Mombasa kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirejea Septemba 1930. Mei 1931 alisafiri tena, safari hii akiwa na Parmenas Githendu Mockerie. Hakuna aliyejua kwamba angekaa huko miaka 15.

Njaa ya London

Pesa za chama hazikudumu. Kwa muda alisoma katika chuo cha Waquaker cha Woodbrooke, Birmingham, ambako alinoa Kiingereza chake cha kuandika. Mwaka 1932 alitoa ushahidi mbele ya tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter. Kisha akarudi katika maisha ya chumba cha kupanga, katika mtaa wa Cambridge, eneo la Pimlico, London, akiandamwa na madeni.

Ni katika dhiki hiyo alipogundua kwamba sauti yake ina soko. Chuo kikuu cha University College London kilikuwa kinatafiti sauti za lugha za Kiafrika. Alikubali kuwa mtoa sauti: alitamka maneno ya Kikikuyu huku mtaalamu Lilias Armstrong akiandika jinsi toni zinavyopanda na kushuka. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1940, baada ya Armstrong kufariki, kikiwa na jina la Armstrong. Kenyatta alishikilia kwamba alistahili kutambuliwa kama mwandishi mwenza.

Malalamiko hayo si madogo. Alikuwa amelipwa kwa kutoa sauti, lakini jina likaenda kwa mwingine. Msanii yeyote wa leo ambaye sauti yake imetumika katika tangazo la biashara asitajwe anaelewa uchungu wake.

Alipata pia vibarua katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, iliyoigizwa na Paul Robeson, akiwa mmoja wa waigizaji wa ziada. Filamu hiyo iliusifu ukoloni ambao yeye alikuwa akiupinga. Njaa haina staha.

Hata hivyo, mwaka huo huo alichukua hatua iliyobadili thamani ya maneno yake. Alijiunga na chuo cha London School of Economics kusomea anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski. Katika semina za profesa huyo, mwanafunzi alisoma makala yake mbele ya wenzake, wakaichambua bila huruma. Kenyatta aliwasilisha makala kuhusu ardhi, ndoa, elimu na mahakama za Wakikuyu. Mwaka 1938 makala hayo yalitoka kama kitabu, Facing Mount Kenya, na jalada likabeba jina jipya: Jomo Kenyatta.

Wakati huo huo alikuwa akihutubia bila malipo. Italia ilipoishambulia Ethiopia mwaka 1935, yeye na Waafrika na Wakaribi wenzake, akiwemo C. L. R. James, walikuwa wameunda chama cha kuitetea nchi hiyo, Kenyatta akiwa katibu wake. Mikutano ya hadhara ya London ilimfunza jambo ambalo darasa haliwezi kulifunza: kusimama mbele ya umati usiokujua, usiokuamini, na ulio huru kukuzomea au kwenda zake.

Mhadhiri wa kijijini

Vita vilipoanza mwaka 1939, njia ya kurudi nyumbani ilifungika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha KCA. Kenyatta alihamia Storrington, kijiji cha Sussex, kusini mwa Uingereza. Alifanya kazi ya shambani, akafuga kuku na kulima mboga. Wanakijiji walimpa jina la utani la Jumbo.

Hapo ndipo alipopata kazi ya pili: kutoa mihadhara kwa malipo chini ya Workers' Educational Association, chama cha elimu ya wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1903. Chama hicho kiliwapelekea watu wazima masomo ambayo hawakuyapata utotoni. Mhadhiri alieleza mada yake, kisha wasikilizaji wakapewa muda wa kutosha kumuuliza maswali na kumpinga.

Mada ya Kenyatta ilikuwa Afrika. Hebu msomaji afikirie hali ilivyokuwa. Taifa liko vitani. Wanaokaa kwenye viti ni watu wa kawaida, ambao wengi wao wanaijua Afrika kupitia sinema na hadithi za wamisionari tu. Mbele yao amesimama mtu ambaye mchana alikuwa shambani na mikono yake ingali na udongo.

Alikuwa na nini cha kuuza? Kwanza, alikuwa na jambo analolijua kuliko kila mtu ukumbini. Pili, alikuwa amelipanga jambo hilo kwa miaka mitatu ya usomi na kitabu kimoja. Tatu, alijua kuigiza: alipenda vazi, mkufu, fimbo na pete, na sauti yake nzito ilitosha kunyamazisha chumba. Nne, njaa ilikuwa imemfunza kutopoteza muda wa msikilizaji.

Kazi hiyo haikumtajirisha. Ilimwezesha kuishi pamoja na kibarua cha shamba, basi. Mwaka 1942 alimwoa mwalimu Mwingereza, Edna Clarke, na mwaka uliofuata wakapata mwana, Peter Magana. Mwaka huo huo wa 1942 alichapisha kijitabu kuhusu Wakikuyu na Chifu Wang'ombe, na mwaka 1945 kijitabu kingine kuhusu ardhi ya Kenya. Mhadhara ulizaa maandishi, nayo maandishi yakampa sifa ya kualikwa tena.

Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa waandalizi wa Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore. Septemba 1946 alifika Mombasa. Mke na mtoto aliwaacha Uingereza. Huko Kenya alikuwa amewaacha Wahu na watoto kwa miaka 15. Wanaosifu safari za wasemaji wakuu husahau kuhesabu waliobaki nyumbani wakisubiri.

Masikio mawili

Kenyatta aliyerejea hakuwa karani aliyeondoka. Alisimamia chuo cha walimu cha Githunguri, na Juni 1947 akachaguliwa rais wa Kenya African Union (KAU). Mbinu alizozinoa ugenini sasa zilikutana na umati wa nyumbani. Mkutano wa Nyeri wa Julai 26, 1952, ulihudhuriwa na watu zaidi ya 20,000.

Lakini hapa msemaji alikumbana na hatari ambayo haikuwepo Sussex. Kila sentensi yake sasa ilisikizwa na masikio mawili yanayotaka mambo tofauti. Mkoloni alimtaka awalaani Mau Mau. Vijana waliokula kiapo walimtaka asiwasaliti.

Agosti 24, 1952, mjini Kiambu, aliwalaani Mau Mau hadharani kwa msemo mkali wa Kikikuyu wa kuombea jambo lipotelee kwenye mizizi ya mti wa mkongoe. Serikali haikuridhika. Nao viongozi wa siri wa vuguvugu, kama alivyosimulia baadaye Fred Kubai, walimwita Nairobi na kumwonya aache. Mtu aliyezoea kumiliki maneno yake alikuta hayako mikononi mwake tena.

Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa, na usiku huo akakamatwa. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba.

Kwenye kesi hiyo ndipo bei ya neno ilipoonekana kwa sura yake mbaya zaidi. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alidai kumwona Kenyatta akiongoza kiapo. Mwaka 1958 alikana kwa kiapo rasmi, akieleza kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza na kazi serikalini ili aseme uongo. Badala ya kesi kufunguliwa upya, ni yeye aliyefungwa. Naye hakimu Ransley Thacker, imebainika baadaye, alitengewa na serikali ya kikoloni malipo maalum ya pauni 20,000.

Linganisha mizani hiyo. Mwanamume aliyeeleza ukweli kuhusu watu wake katika kumbi za Sussex alipata ujira wa kumwezesha kula. Waliotakiwa kumnyamazisha waliwekewa utajiri. Aprili 8, 1953, alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Alipelekwa Lokitaung, kisha Lodwar na Maralal, na hakuwa huru hadi Agosti 1961.

Neno la mwenye mamlaka

Ustadi wake haukufia gerezani. Agosti 12, 1963, akiwa Waziri Mkuu, aliingia ukumbi wa Nakuru uliojaa walowezi Wazungu waliomwona kuwa adui wa roho zao. Aliwaambia kwamba pande zote mbili zilikuwa zimekoseana, na akawaomba wabaki na kulima. Walioingia na hofu walitoka wakishangilia. Huo ulikuwa mhadhara wa Storrington uliokomaa: kuzungumza na Waingereza wasiokujua, ukijua wanachokiogopa.

Wakenya waliozaliwa baadaye wanamjua kwa rekodi za redioni: sauti inayonguruma Kiswahili, usinga hewani, na mwito wa Harambee ukiitikiwa na maelfu.

Hata hivyo, haki hudai upande wa pili nao usemwe. Mwaka 1965 huko Kandara, mbele ya umati, alimkejeli Bildad Kaggia kwa kutojitajirisha kama wafungwa wenzake wa zamani. Kaggia alikuwa akidai ardhi kwa wasio na ardhi, jambo lile lile lililompeleka Kenyatta London mwaka 1929.

Oktoba 25, 1969, mjini Kisumu, kwenye ufunguzi wa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, alirushiana maneno makali na Jaramogi Oginga Odinga jukwaani. Ghasia zilizuka, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakafa, wakiwemo watoto. Siku chache baadaye chama cha Odinga kilipigwa marufuku na yeye akazuiliwa.

Mhadhiri wa Sussex alilazimika kujibu kila swali, na akikosea alikosa mwaliko wa pili. Rais hakuwa na wa kumuuliza. Neno ambalo halina wa kulipinga huacha gharama yake mlangoni kwa msikilizaji.

Hii ndiyo sababu maisha ya Mzee yanafaa kusomwa na kijana wa Mwiki anayejitafutia jina kwa kipaza sauti. Ujira haukuja kwa sababu ya koo zuri. Ulikuja baada ya kazi ya kuaminiwa Thika, mita za maji za Nairobi, michango ya wakulima, kejeli za semina na viwanja vya bila malipo. Alilipwa kwa kuwa alileta ukumbini jambo ambalo wengine hawakuwa nalo.

Tena, wakati wake bora wa kusema haukuwa ule aliokuwa na walinzi na msafara. Ulikuwa ule aliosimama mbele ya wageni walioruhusiwa kumpinga. Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Hawakusema kwamba hauna deni.